Nauli ni ileile, safari ndiyo inayopanda bei

Oktoba ikifika ukingoni, simu huanza: "Kaka, nitafutie tiketi ya Kigoma, tarehe 22 Desemba." Nina miaka 11 nikikata tiketi na kupanga safari za watu hapa Kigoma, na kabla ya kujibu lolote huwa nauliza: lazima iwe tarehe hiyo?

Wengi wanaamini sikukuu hupandisha nauli. Kwa treni sivyo, na kwa basi haipaswi kuwa hivyo, kwa kuwa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, huweka nauli kikomo na kikomo hicho hakibadiliki kwa ajili ya Krismasi. Kinachomaliza mfuko ni mambo yanayoizunguka nauli.

Desemba moja, stesheni ya Tabora, nilimkuta mama na wanawe watatu wamekalia mabegi. Alikosa nafasi ya treni ya Kigoma. Akalala gesti siku tatu, akinunua chakula asubuhi, mchana na jioni, mwishowe akapanda basi la kupitia Kaliua na Uvinza kwa tiketi ya mlanguzi. Tulipiga hesabu nyuma ya daftari la mwanawe: chumba, wali, bodaboda, tiketi. Ilifika karibu mara tatu ya fedha aliyoitenga. Akalifunga daftari bila kusema neno. Tangu siku hiyo nalisema jambo hili kwa kila anayenipigia.

Ndege ndiyo hupanda waziwazi. Viti vya ndege moja havina bei moja: shirika huvigawa mafungu, na fungu la bei ya chini ndilo huuzwa kwanza. Kwa safari za Desemba huisha mapema mno. Februari, hasa katikati ya wiki, nimelikuta siku chache tu kabla ya kuruka.

Kipindi ninachokipenda huanza mwisho wa Januari. Shule zimefunguliwa, ada na sare zimekomba mifuko, mabasi yana viti vitupu na wenye gesti wanasikiliza. Chumba nilichomlipia mteja 40,000 wakati wa sikukuu, Februari tulikipata kwa 25,000, tena na supu ya asubuhi. Mei nayo ni nzuri, kabla shule hazijafungwa Juni. Septemba vilevile, wageni wa Julai na Agosti wakishaondoka.

"Na mvua je?" Kwetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na sitakuficha: Machi na Aprili acha siku moja ya akiba, maana maji yamewahi kukata reli kule kati ya Kilosa na Gulwe. Ila kwenye Hifadhi ya Gombe wakati wa mvua sokwe hawatembei mbali, hivyo huwa rahisi kuwapata, ingawa njia zinateleza na picha hutoka na giza. Na anayeogopa mawimbi ajue kwamba upepo wa kusini hulichafua Ziwa Tanganyika katikati ya mwaka, wakati uleule wageni wanapojaa.

Kuna mahali msimu wa watu wachache unaweza kukugharimu zaidi. Boti ya kukodi kwenda Gombe hulipiwa boti nzima, hailipiwi kwa kichwa. Julai utapata wa kuchangia naye. Februari huenda ukawa peke yako. Hapo namwelekeza mteja mwalo wa Kibirizi, hapahapa Kigoma, apande boti ya abiria inayokwenda vijiji vya kaskazini. Inachukua saa nyingi na utabanana na magunia, lakini tofauti ya bei ni kubwa mno.

Anayetaka kurudi na dagaa naye aangalie kalenda. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na waliokuja Julai walirudi mikono mitupu. Hata ziwa likiwa wazi, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawazifuati taa za wavuvi, na bei sokoni hupanda.

Wenye watoto wa shule hunilalamikia kwamba wao hawana uchaguzi. Wanao, kidogo. Shule zikifungwa tu mwanzoni mwa Desemba, ondokeni wiki ileile. Kisha tiketi ya kurudi ikateni siku hiyohiyo mnayokata ya kuja, maana wakati wa kuja watu hutawanyika mwezi mzima, lakini wakati wa kurudi wote wanazitaka zile siku mbili tatu kabla ya shule kufunguliwa.