Utafiti wa kujitegemea: maana yake kwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapoanza kupeleka mada zao kwa wasimamizi, hapa Unguja mada hizo hufanana kama vitumbua vya kikaango kimoja. Mfumo wa kusajili wagonjwa. Mfumo wa kukata tiketi za boti. Aplikesheni ya kumkutanisha mkulima wa karafuu na mnunuzi. Ni kazi halali, na kijana anayeweza kuimaliza vizuri ana ujuzi wa kumpatia riziki. Lakini jalada la kazi hiyo limeandikwa "utafiti", na ukiisoma mpaka ukurasa wa mwisho hukuti jambo hata moja ambalo jana lilikuwa halijulikani na leo linajulikana. Umejengwa mfumo, na swali halikuulizwa.

Utafiti wa kujitegemea ni kazi ambayo mwanafunzi analishika swali lisilo na jibu bado, anachagua mwenyewe njia ya kulijibu, na kila alichochagua anaweza kumweleza sababu yake mtu ambaye hakuwepo. Vitu vitatu: swali, uamuzi na sababu. Programu inaweza kuandikwa ndani yake, na mara nyingi huandikwa, lakini hapo programu ni chombo tu, kama mizani ya karafuu.

Neno "kujitegemea" huwatisha wengi, wakadhani maana yake ni kuachwa peke yako. Tuliangalie tunavyolitumia majumbani. Tukisema fulani kaanza kujitegemea, hatusemi kwamba kaukimbia ukoo. Ijumaa bado anakula kwa mama yake, na akitaka kuoa wazee ndio wanaokwenda kuposa. Tunasema tu kwamba kodi ya nyumba anailipa yeye, na jambo likiharibika anayeulizwa ni yeye. Mtafiti mchanga naye yuko hivyo hivyo. Msimamizi yupo, wenzake wapo, makala za watu wengine zipo. Ila akiulizwa kwa nini alirekodi watu ishirini na si watano, hawezi kujibu "mwalimu aliniambia".

Nina kipimo kimoja cha kujua kama mada ni swali au ni mfumo, na mpaka leo sijapata kingine kinachokishinda: je, jibu linaweza kuwa "hapana"? "Nitatengeneza mfumo wa kutambua sauti ya Kiswahili" haina hapana ndani yake. Mfumo utatengenezwa, siku ya kuuonesha utafanya kazi kidogo, watu watapiga makofi. Sasa ugeuze: "Je, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi hukosea zaidi inapomsikiliza mzee wa Micheweni kule Pemba kuliko inapomsikiliza mzee wa Mji Mkongwe hapa Unguja?" Hapa inawezekana ikawa ndiyo, inawezekana ikawa hapana, na yeyote aliyekaa Pemba angependa kujua.

Swali hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha kazi iliyopima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa kuangalia uso. Hawakutengeneza programu mpya. Walikusanya picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden, wakazipanga kwa rangi ya ngozi na jinsia, kisha wakahesabu makosa. Kwa wanaume weupe kosa la juu kabisa halikufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Mzigo wote wa kazi ile ulikuwa katika kuchagua picha na kuhesabu kwa uangalifu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hawezi kushindana na kampuni kujenga programu, lakini kuipima anaweza, na kwa watu ambao kampuni haikuwafikiria yeye ndiye aliye karibu nao.

Tulifuate swali letu la Micheweni. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyofundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kiingereza ndicho kilichokula sehemu kubwa. Lugha nyingine 96, Kiswahili kikiwemo, ziligawana saa 117,000. Kwa hiyo kuna sababu ya kushuku kwamba Kiswahili chenyewe imekisikia kidogo, na lahaja zake kidogo zaidi. Shaka yenye sababu namna hiyo ndiyo tunayoiita nadharia tete. Bado haijathibitika, na mtafiti hana ruhusa ya kuipenda.

Sasa anahitaji kipimo. Wanaofanya kazi ya sauti hutumia kiwango cha makosa ya maneno: unaandika kwa mkono alichosema mtu, unalinganisha na ilichoandika mashine, unahesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyodondoshwa na yaliyoongezwa, halafu unagawanya kwa idadi ya maneno aliyoyasema mtu. Tuseme mzee kasema:

"Babu kenda shamba kuchuma karafuu."

Na mashine ikaandika:

"Babu kwenda shamba kuchuma halafu."

Maneno matano, mawili yamebadilika, makosa ni asilimia 40. Hesabu ya skuli ya msingi. Lakini itazame tena. "Halafu" badala ya "karafuu" ni kosa, hakuna wa kubisha. Je, "kwenda"? Mzee kasema "kenda", akimaanisha amekwenda, na ndivyo tunavyosema visiwani. Mashine kama ingeandika "amekwenda", maana ingekuwa imefika na neno limegeuka. Uhesabu kosa au usihesabu? Ukihesabu, unasema kazi ya mashine ni kuandika alivyosema mtu. Usipohesabu, unasema kazi yake ni kuandika Kiswahili sanifu, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja cha mjini na kusimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930. Hakuna kitabu kitakachokuamulia. Unaamua kabla ya kuhesabu, unaandika ulivyoamua na kwa nini, na hubadilishi baada ya kuona namba. Ukitaka, unahesabu kwa njia zote mbili na kuzionesha zote mbili. Mimi naona mwanafunzi aliyefika hapa, akakaa siku nzima na neno "kenda", kaingia kwenye utafiti hata kama hajaandika mstari mmoja wa programu.

Baada ya hapo mitego huja mfululizo. Akiwapa wazee karatasi wasome, lahaja itatoweka, kwa sababu mtu akishika karatasi husoma Kiswahili cha skuli. Ni bora awaombe wasimulie: karafuu inachumwaje, inachambuliwaje, inaanikwaje. Akifanya hivyo atalipata neno "makonyo", yaani vikonyo vya karafuu, na pengine mashine haijapata kulisikia hata mara moja. Akiwarekodi wa Pemba chini ya mwembe huku kaskazi inavuma, na wa mjini ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, atakuwa kapima upepo akidhani kapima lahaja. Simu iwe ile ile, umbali wa mdomo na simu uwe ule ule, umri wa watu ukaribiane. Na kuna kosa moja hata wakubwa hulifanya: watu ishirini wakitoa sentensi thelathini kila mmoja, mwanafunzi huandika kwa furaha kwamba ana sampuli ya 600. Ana sampuli ya watu ishirini. Sentensi thelathini za bibi mmoja zote zimetoka kwenye koo moja, na kama bibi huyo hana meno ya mbele, zote thelathini zitakosewa kwa sababu moja.

Kabla ya kurekodi chochote kuna kibali cha utafiti, na ukifika kwenye shehia, yaani mtaa au kijiji, kuna sheha, kiongozi wake. Kumpitia sheha si adabu tu. Bila yeye milango haifunguki. Halafu kuna idhini ya msemaji mwenyewe, na hapa karatasi ndefu yenye maneno ya kisheria haisaidii kitu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Sasa hiyo sauti yangu utaipeleka wapi?"

Mwanafunzi asiyeweza kumjibu bibi kwa sentensi mbili hajajiandaa. Na jibu lenyewe linatokana na uamuzi wa kiufundi. Sauti ikitumwa kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo, bibi ana haki ya kulijua hilo. Whisper imetolewa wazi, kwa hiyo inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe, na sauti isitoke hapo. Lakini Whisper ina modeli za ukubwa mbalimbali. Ile kubwa ina vigezo, yaani namba ilizojifunza, milioni 1,550 na inataka mashine yenye nguvu. Ile ndogo ya milioni 244 inaenda hata kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, ila hukosea zaidi. Hapo heshima kwa bibi na ukubwa wa modeli vinakutana kwenye meza moja, na mtafiti lazima achague, kisha aandike kwamba alichagua.

Je, kijana anaandaliwaje kwa yote haya? Mimi ningeanza mapema, mwaka wa kwanza au wa pili, kwa kurudia kazi ya mtu mwingine. Mpe makala moja fupi yenye data iliyo wazi, umwambie: pata namba hii. Mara nyingi hataipata. Atakuta makala haikusema kama herufi kubwa ziligeuzwa ndogo kabla ya kulinganisha, na "Shamba" na "shamba" kwa kompyuta ni maneno mawili. Wiki mbili za kuhangaika na jambo dogo namna hiyo zinamfundisha kuandika kwa ukamilifu kuliko mihadhara kumi ya mbinu za utafiti. Akishaumia kwa sababu ya aliyoyaacha mwenzake, yeye hatayaacha.

Kusoma makala nako kunafundishwa. Haisomwi kama riwaya, kuanzia juu kwenda chini. Soma muhtasari, ruka kwenye majedwali, soma hitimisho, kisha rudi ukitafuta jambo moja: waandishi walichagua nini ambacho wangeweza kuchagua vingine? Mwanafunzi anayekuja na orodha ya chaguo hizo amesoma. Anayekuja na aya zilizofupishwa na akili mnemba hajasoma bado, na ahadhari zaidi na marejeo inayompa, maana hubuni makala ambazo hazipo. Kila rejeo lifunguliwe kwa macho yake.

Tena daftari. La karatasi au faili, sijali, bali liwe na tarehe. Leo nimefanya nini, nimetarajia nini, kimetokea nini. Msimbo, yaani maandishi ya programu, uhifadhiwe kwenye Git, programu ya kutunza matoleo, ili kila badiliko lijulikane lilifanyika lini. Msimamizi mzuri hufungua daftari kwanza kabla ya kuuliza matokeo. Akikuta "tarehe 14, rekodi ya tatu na ya saba nimezitoa, sauti ya jenereta", anaridhika. Akikuta rekodi mbili zimepotea bila maelezo, kikao chote kitakuwa juu ya hizo mbili, na ni haki.

Matokeo yakija kwamba hakuna tofauti kati ya Micheweni na Mji Mkongwe, wanafunzi wengi huona wamefeli, na wengine hujaribiwa kuchagua rekodi zitakazoleta tofauti. "Hapana" ni jibu. Swali liliulizwa likiwa na nafasi yake. Anachotakiwa kueleza ni kama hapana hiyo ni ya lahaja au ni kwa sababu watu ishirini ni wachache mno kuiona tofauti ndogo.

Na tofauti ikionekana, hapo ndipo rekodi, daftari na msimbo huwekwa pamoja, kwa idhini ya waliorekodiwa, ili mwanafunzi wa mwaka unaofuata asianze na kikaango kitupu. Yeye ataanzia kwenye swali la pili: mashine ilikosea kwa sababu ya matamshi ya mzee, au kwa sababu neno "makonyo" halijui?