Je, wajua nyutroni za majaribio ya leza hutoka wapi?

Viini viwili vya hidrojeni vikiungana ndani ya kidonge cha fueli kilichobanwa kwa nguvu ya leza, nyutroni huchomoka. Wengi hudhani imezaliwa papo hapo. La hasha, ilikuwemo tangu mwanzo. Hesabu mwenyewe kwa aina mbili za hidrojeni: deuteriamu ina protoni 1 na nyutroni 1, tritiamu ina protoni 1 na nyutroni 2. Vikiungana, heliamu huchukua protoni 2 na nyutroni 2. Inabaki nyutroni moja isiyo na pa kukaa, nayo huondoka na nishati ya megaelektronivolti 14.1 kati ya 17.6 zinazotolewa. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko heliamu, ndiyo inayobeba fungu kubwa.

Katika maabara ya Lawrence Livermore, California, tarehe 5 Desemba 2022, miale 192 ya leza ilipeleka megajuli 2.05 na kidonge kikatoa megajuli 3.15. Ukigawanya nishati hiyo kwa ile ya muungano mmoja, unapata nyutroni zaidi ya bilioni moja mara bilioni moja.

Si zote za aina moja, lakini. Deuteriamu mbili zikiungana, mara nyingine hutoa nyutroni ya megaelektronivolti 2.45. Tritiamu mbili hutoa nyutroni mbili kwa mpigo. Kigunduzi kilicho mita 20 kutoka kwenye kidonge huzitenganisha kwa mwendo: ile ya 14.1 hufika baada ya nanosekunde 390 hivi, ya 2.45 baada ya 920 na ushee.

Kuziona tu hakutoshi. Mwaka 1958 Waingereza walitangaza kwa shangwe kwamba mtambo wao wa ZETA, ambao haukutumia leza, umefanikisha muungano kwa joto. Miezi michache baadaye wakakanusha. Nyutroni zilikuwa za kweli, ila zilitokana na ayoni (atomi zenye chaji ya umeme) chache zilizosukumwa kwa kasi zikagonga nyingine. Gesi yenyewe haikuwa na joto lililodaiwa. Leza za mipigo mifupi na mikali nazo husukuma ayoni vivyo hivyo. Ndiyo maana vigunduzi huwekwa pande kadhaa: nyutroni za kugongana namna hiyo hubadilika nishati kulingana na upande zinakoelekea.

Kuna pia zinazojikwaa kwenye fueli zikiwa njiani na kupoteza nishati. Mimi naziona ndizo zenye habari tamu zaidi: kadiri zile za megaelektronivolti 10 hadi 12 zinavyokuwa nyingi zikilinganishwa na zile zisizojikwaa, ndivyo fueli ilivyobanwa sana.