Bakajani la viazi vitamu: tunayoambiana shambani na ukweli wake

"Kiazi kiko ardhini, majani yakiugua kinadhurika nini?"

Bakajani ni ugonjwa wa madoa kwenye majani ya viazi vitamu, na kauli hii ndiyo naisikia kila msimu, na ndiyo inayotutia hasara kuliko zote. Wanga unaojaza kiazi hutokana na sukari inayotengenezwa na jani juani, kisha kushuka kupitia rando. Majani yakipukutika wakati kiazi bado kina unene wa kidole, utafumua tuta ukute vijizizi. Ugonjwa ukichelewa, viazi vikiwa vimeshajaa, hauumizi sana.

Tena hauishii kwenye jani. Funua marando utazame: doa la kahawia, duara ndani ya duara kama gogo lililokatwa, na ukingo wa njano. Fuata kikonyo hadi kwenye rando lenyewe. Ukikuta kovu jeusi lililodidimia, ujue pameharibika. Kovu hilo likilizunguka rando, sehemu ya mbele yote hukauka, na chini yake ardhi hutandikwa majani meusi.

"Ni uzee tu." Jani lililozeeka hugeuka njano lote bila miduara.

"Ni virusi, nunua dawa ya wadudu." Virusi vya viazi huenezwa na vidukari na nzi weupe, mmea hudumaa, majani huwa madogo, yamepauka na kujikunja. Bakajani huletwa na kuvu, jina lake Alternaria, na hustawi penye unyevu: mvua mfululizo, umande mzito, ubaridi wa milimani. Dawa ya wadudu haiui kuvu. Hela imekwenda bure.

"Mbegu bora haiugui." Bora dhidi ya nini? NASPOT 1, aina ya kiazi kitamu iliyotolewa Uganda mwaka 1999, huzaa sana na huvumilia virusi kiasi, lakini kwa bakajani ni dhaifu.

"Rando ni rando." Hapa adabu zetu zinatuponza, maana marando ya kupanda kutoka kwa jirani hutolewa bure na hayakataliwi. Vimelea vya kuvu hupeperushwa na upepo na kurushwa na matone ya mvua, ila safari zao ndefu huzifanya kwenye mizigo tunayojitwika wenyewe. Mwaka jana mama mkwe aliniletea furushi zima. Nilishukuru, nikakata ncha za sentimita 30 zisizo na kovu wala doa, zikatosha matuta manne. Yaliyobaki walikula mbuzi, naye hajaniuliza hadi leo.