Beth Sholom: sinagogi lililowafuata waumini wake

Kila tunapoonyesha picha ya sinagogi la Beth Sholom katika mihadhara yetu ya urithi wa majengo, swali huwa ni lile lile: piramidi hii ya kioo imefikaje katikati ya mtaa wa nyumba za bustani? Watu hutarajia nianze na msanifu wake, Frank Lloyd Wright. Mimi huanza na miguu ya waumini.

Jumuiya hii ilianzishwa mwaka 1919 katika mtaa wa Logan, kaskazini mwa jiji la Philadelphia, Marekani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imemalizika mwaka uliotangulia, ndiyo maana wakachagua jina lenye maana ya Nyumba ya Amani. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: "beth" ni "bayt" ya Kiarabu, na "sholom" ni "salaam". Dar es Salaam na Beth Sholom ni majina ya ukoo mmoja.

Logan ulikuwa mtaa wa nyumba zilizoungana kuta, na Wayahudi wengi walihamia huko baada ya kupata nafuu kidogo ya maisha. Jambo la msingi ni kwamba sinagogi lilikuwa karibu. Kuanzia machweo ya Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi, Torati inakataza kuwasha moto majumbani, na injini ya gari haiendi bila kuchoma mafuta. Kwa hiyo anayeshika Sabato huenda kusali kwa miguu. Amri hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikichora ramani ya makazi ya Wayahudi: huwezi kukaa mbali na sinagogi, na ukikaa karibu nalo utakaa karibu na wenzako.

Vita vya Pili viliivuruga ramani hiyo. Sheria ya mwaka 1944 iliwawezesha askari waliorudi vitani kupata mikopo nafuu ya nyumba, ingawa askari weusi wengi walinyimwa nafasi hiyo mabenki yalipofika kwenye utekelezaji. Magari yakaenea, barabara zikapanuliwa, na familia changa zikaanza kuufuata mkondo wa barabara ya Old York kwenda kaskazini, nje ya mpaka wa jiji, hadi vitongoji kama Elkins Park. Huko kulikuwa na uwanja, miti na chumba kwa kila mtoto. Sinagogi walikuwa wameliacha nyuma.

Katika dini ya Kiyahudi, Beth Sholom ni ya mkondo wa Conservative, ulio kati ya Waorthodoksi, wanaoshika sheria za dini kikamilifu, na Wareform, waliozilegeza. Mwaka 1950 kamati ya sheria ya mkondo huo ilitoa uamuzi kwamba mtu anayeishi mbali anaweza kuendesha gari siku ya Sabato, mradi aende sinagogi kusali, si kwingineko. Waorthodoksi waliukataa kabisa. Kwa maoni yangu uamuzi huo umebadilisha maisha ya Wayahudi wa Marekani kuliko jengo lolote. Hoja ya waliotaka kuwarudisha watu kwenye ibada inaeleweka. Lakini waliopinga nao waliona mbali: ukishamruhusu muumini aje kwa gari, hana tena sababu ya kuishi jirani na muumini mwenzake.

Aliyelivusha sinagogi hadi Elkins Park ni Rabi Mortimer J. Cohen, aliyeiongoza jumuiya hii kwa zaidi ya miaka 40. Mchongaji sanamu Boris Blai alimkutanisha na Wright, na mwishoni mwa 1953 Cohen akamwandikia barua pamoja na mchoro wake mwenyewe wa jinsi alivyoliwaza jengo. Wright, mzee wa miaka 86 asiyejulikana kwa unyenyekevu, aliandika jina la rabi kwenye michoro kama mshirika wake. Hilo halikuwa jambo la kawaida kwake.

Walilolijenga ni mlima. Wright aliuita Sinai unaong'aa. Nguzo tatu kubwa za chuma zinaegemeana juu na kuubeba uzito wa paa, hivyo ukumbi wa watu zaidi ya 1,000 hauna nguzo hata moja ya kumkinga mtu asione. Kuta zake ni kioo na plastiki, mchana zinaingiza mwanga, usiku zinautoa nje. Sakafu inainamia katikati, kama viganja viwili vilivyokusanywa pamoja. Chini yake kuna ukumbi mdogo wa ibada za siku za kawaida. Wright alifariki Aprili 1959, jengo likazinduliwa Septemba mwaka huo huo. Ndilo sinagogi pekee lililojengwa kwa michoro yake.

Na paa linavuja. Limevuja tangu mwanzo, na kulitunza ni gharama isiyokwisha, mzigo wa jumuiya yenyewe.

Logan nao ulipata makubwa zaidi. Sehemu ya mtaa ilikuwa imejengwa juu ya jivu lililotumika kufukia kijito cha Wingohocking. Mwaka 1986 mlipuko wa gesi ulifichua kwamba ardhi ilikuwa inazama, na hatimaye karibu nyumba 1,000 zikabomolewa. Wakati huo wengi wa wakazi walikuwa familia za watu weusi, walionunua nyumba zao bila kujua ziko juu ya nini.

Tangu 2007 Beth Sholom ni alama ya kihistoria ya taifa, na wageni hutembezwa ndani yake. Atakayefika Philadelphia apange ziara yake katikati ya wiki, Sabato si siku ya utalii. Mwanaume afunike kichwa anapoingia ukumbini, na kofia ya kiua itafaa kabisa.