Gagarin hakutua ndani ya chombo chake

Wengi tumekua tukiamini kwamba tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin, Msovieti aliyekuwa mtu wa kwanza kwenda anga za juu, alirudi duniani akiwa ndani ya chombo chake, Vostok 1, hadi chini. Sivyo. Chombo kile kiligonga ardhi kwa kishindo kikubwa mno kwa mtu aliyeketi ndani, kwa hiyo kwenye kimo cha kilomita 7 hivi kiti kilimrusha nje, akashuka kwa parachuti yake. Ujasiri ulioje! Karibu na mji wa Engels nchini Urusi, bibi mmoja na mjukuu wake waliokuwa shambani kwenye viazi walimwona akiwajia na suti ya rangi ya chungwa, wakaogopa. Wakuu wa Usovieti waliificha habari ya kushuka kwake kwa parachuti kwa miaka, maana kanuni za rekodi za kimataifa za urukaji zilimtaka rubani atue na chombo chake.