Je, wajua kwa nini mkaa wa kisado unaishinda gesi Mbeya?

Ukiwauliza watu wa Mwanjelwa, Ilomba au Uyole kwa nini bado wanapikia mkaa, wengi watakujibu kwamba gesi ni ghali. Jibu hilo lina ukweli, ila ukweli wenyewe hauko kwenye bei ya kilo.

Tuanze na hesabu. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la takriban megajuli 46, na mkaa mzuri una kama 30. Lakini pengo kubwa liko kwenye jiko. Jiko la bati hufikisha kwenye sufuria kama asilimia 20 tu ya joto la mkaa. Linalobaki linapotea hewani, linamchoma mpishi, au linateketea wakati moto unakolea na tena baada ya ugali kuiva. Jiko la gesi hufikisha zaidi ya nusu, na ukimaliza unazima. Kwa hiyo kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa, au tatu kama una jiko banifu. Mtungi mdogo wa kilo 6 unalingana na kilo 18 hadi 24 za mkaa. Kisado cha lita 4 kikijazwa mkaa hakizidi sana kilo moja, basi zidisha bei ya kisado mtaani kwako kwa 18 halafu ulinganishe na bei ya kujaza mtungi. Mjini mara nyingi gesi inashinda, au wanatoka sare. Kijijini ambako kuni zinaokotwa, hesabu hii haina kazi.

Sasa kwa nini mshindi wa hesabu anashindwa sokoni? Kwa sababu kujaza mtungi ni shilingi elfu ishirini na kitu, na unatakiwa uwe nazo zote kwa mpigo. Dereva wa bodaboda, kibarua wa ujenzi au mama anayeuza ndizi hapati mshahara mwisho wa mwezi, anapata cha leo leo. Kwenye cha leo anatoa unga, dagaa, nauli ya mtoto, kisha kisado kimoja. Muuza mkaa ndiye aliyeielewa biashara hii. Ananunua magunia yanayotoka pande za Chunya, anayagawa vipimo vidogo, yuko nyumba ya tatu kutoka kwako, anafungua alfajiri, anafunga usiku, na akikufahamu anakukopesha. Mnunuzi wa kisado analipa zaidi kwa kilo kuliko tajiri anayeshusha gunia zima, na analijua hilo. Analipia nafasi ya kununua kidogo.

Mtu atasema: basi na gesi ipimwe kwa kisado. Haiwezekani, na sababu ni ya kifizikia. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni zilizogandamizwa mpaka zikawa kimiminika. Ukifungua zinarudi kuwa gesi, tena nzito kuliko hewa, hivyo zikivuja hazipandi juu bali zinatandaa sakafuni zikisubiri cheche. Ndiyo maana kuhamisha gesi kienyeji kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo ni hatari na hairuhusiwi. Kipimo kidogo kabisa kinabaki kuwa mtungi wenyewe.

Na mtungi una safari ndefu. Hapa wengi huuliza: si tuna gesi yetu ya Mtwara na Songo Songo, kwa nini hii inaagizwa nje? Ile ya kwetu karibu yote ni metheni. Metheni haigeuki kimiminika kwa kugandamizwa tu katika joto la kawaida. Inataka baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa hiyo inasafiri kwa bomba, na bomba lake halijapanda mlima wa Kitonga kuja nyanda za juu. Gesi ya mtungi inashuka melini Dar es Salaam au Tanga, kisha inapandishwa kwa barabara. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mtungi mtupu wa kilo 6 nao una uzito unaokaribia au kuzidi gesi iliyomo, maana yake lori linalobeba mitungi linabeba chuma kwenda na kurudi. (Ukinunua, dai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, toa hapo ujue kilo zako ziko ngapi.)

Nyanda za juu zina matatizo mawili yasiyojulikana Dar. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Maharage, chakula chetu cha kila siku, yanachelewa kuiva, na yanakula moto. Mwenye mtungi mmoja anaogopa kuyaweka kwenye gesi, hivyo anabaki na jiko la mkaa kwa ajili ya maharage na makande, gesi ya chai na mayai. Pili ni baridi. Juni na Julai, Njombe na Makete, ikifika jioni jiko la mkaa linapikia na kupasha nyumba joto pia. Gesi haiotwi. Baridi hiyo hiyo inapunguza msukumo ndani ya mtungi, maana buteni huacha kugeuka gesi joto likikaribia sifuri, na mtungi ukikaribia kuisha moto unakuwa wa kubembeleza. Usiupashe mtungi kwa makaa, hata siku moja. Na mkaa wa kuota kwenye chumba kilichofungwa unaua kimya kimya kwa hewa ya kaboni monoksidi.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku. Ni jambo jema, lakini ruzuku ya mtungi wa kwanza haimjazii mtu mtungi wa pili, na mtungi mtupu uvunguni haupiki.

Waliogusa kiini ni wale walioweka mita kwenye mtungi. Kampuni ya KopaGas ilianza hivyo Dar es Salaam: mtungi unakaa kwako, unatuma hata buku (shilingi elfu moja) kwa simu, mita inafungua gesi ya buku, pesa ikiisha inafunga. Kampuni inaona kwa mbali mtungi ukikaribia kuisha na kuleta mwingine. Mwaka 2020 teknolojia yake ilinunuliwa na Circle Gas ya Uingereza, na Kenya inatumika kwa jina la M-Gas. Ugumu ni kwamba mita ina gharama, na mpeleka mitungi anahitaji wateja waliobanana. Mabatini, hapa Mbeya mjini, inawezekana. Vijiji vya Rungwe vilivyotawanyika migombani, sidhani kwa sasa.

Wakati huo huo kuna nishati inayouzwa kidogo kidogo tayari, nayo ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, kwa sababu limefunikwa kabisa na presha inapandisha joto la maji kupita nyuzi 100, hata Makete. Mteja wa D1, yaani daraja la watumiaji wadogo wa umeme wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, analipa kama shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi. Hakuna kisado cha bei hiyo. Tatizo ni bei ya jiko lenyewe, na nyumba za kupanga, ambako vyumba vitano vinachangia mita moja na mwenye nyumba ameshatangaza kwamba jiko la umeme ni marufuku, bila kutofautisha presha na lile jiko la koili linalomaliza uniti kama maji.