Baiskeli kuangaliana na magari, hapana

Hii ya kwamba ukiwa na baiskeli barabara kuu upite upande wa magari yanayokuja ili uyaone, tumeisikia tangu tuko wadogo, ila jamani hiyo ni ya watembea kwa miguu. Anayetembea akiona basi linamjia anaruka pembeni, wewe na baiskeli, tena umebeba mkaa, unaruka vipi?

Piga hesabu. Gari linakuja na kilomita 80 kwa saa, wewe 20. Mkienda upande mmoja linakukaribia kwa 60 tu, yaani likiwa mita 100 nyuma dereva ana kama sekunde 6 za kukuona, kupunguza mwendo au kusubiri nafasi ya kuovateki. Mkiangaliana inakuwa 100, zinabaki sekunde 3 na nusu hivi, na kupunguza mwendo hakusaidii sana maana bado mnakaribiana uso kwa uso.

Ila balaa lenyewe liko pale njia za mitaani zinapoingia barabara kuu. Huku kwetu Tanzania na Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo dereva anayetoka mtaani akikata kushoto anaangalia kulia kwake tu, ndiko magari yanakotoka, na wewe unamtokea kushoto, hakutegemei kabisa. Halafu ukikutana na mwenzako anayekwenda sawasawa, mmoja lazima aingie barabarani.

Woga wa kugongwa kwa nyuma naulewa, malori hayana huruma. Weka side mirror, reflekta nyuma, na usiku taa nyekundu.